Kondoo Wako Ameliwa: Sheria Inasema Nini Kuhusu Bweha, Fisi na Chui

*Haya ni maelezo ya afisa wa mifugo kwa wakulima na wafugaji wa Uasin Gishu katika baraza la wananchi, Eldoret. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.*

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu jambo ambalo hufika ofisini kwetu mara kwa mara, hasa msimu wa kondoo kuzaa. Mkulima anaamka asubuhi, anafungua zizi, anakuta wana-kondoo wawili hawapo na mmoja ameraruliwa. Majirani wanakusanyika. Mmoja anasema ni bweha, mwingine fisi, mwingine anaapa amesikia chui akikoroma karibu na mto. Kabla ya saa nne vijana wameshika mikuki na rungu, mbwa wamefunguliwa, na mtu mmoja ametumwa dukani kununua dawa ya wadudu ili ipakwe kwenye mzoga.

Nataka tuitumie leo saa hiyo moja, kati ya kuona hasara na kuchukua mkuki. Uamuzi unaofanya katika saa hiyo ndio utakaoamua kama utabaki mlalamishi mwenye haki yake, au utakuwa mshtakiwa mahakamani.

Mnyama wa porini ni wa nani?

Swali la kwanza ninaloulizwa ni hili: "Daktari, yule bweha amekula kondoo wangu, ndani ya shamba langu lenye hatimiliki. Kwa nini nisimuue?"

Jibu linaanzia kwenye historia. Tarehe 20 Mei 1977, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori nchini Kenya. Mwaka uliofuata, 1978, biashara ya ngozi, pembe na viungo vingine vya wanyama hao ikafungwa pia. Marufuku hayo hayajaondolewa. Hivi sasa sheria inayotuongoza ni Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014.

Wengi hudhani sheria hii inawalinda ndovu, faru na simba tu, wale wanyama wa kwenye noti na matangazo ya utalii. Sivyo. Sheria inapotaja wanyamapori, inamaanisha wanyama wote wa porini wa asili ya nchi hii. Bweha ni mnyamapori. Fisi ni mnyamapori. Hata sungura wa porini na paa ambao vijana wetu huwafukuza na mbwa siku za Jumapili ni wanyamapori. Kuwinda kwa ajili ya mchezo ni kosa. Kuwinda ili kupata kitoweo cha nyumbani ni kosa. Kuuza nyama hiyo ni kosa kubwa zaidi.

Na kuwinda si kurusha mkuki peke yake. Kumfuatilia mnyama kwa nia ya kumuua au kumkamata ni kuwinda. Kwenda kuvuruga pango lake au tundu analozalia ukiwa na nia hiyo hiyo ni kuwinda pia. Kwa hiyo kijana anayefukia tundu la bweha lenye watoto asiseme, "Mimi sikuua, nilichimba tu."

Wengine huuliza kwa nini kaunti haitoi kibali cha kuwapunguza wanyama hawa. Katiba ya 2010 iligawa kazi. Jedwali la Nne linaiachia Serikali ya Kitaifa ulinzi wa wanyamapori na masuala ya uwindaji, na kazi hiyo hufanywa na Shirika la Huduma za Wanyamapori, yaani KWS. Serikali ya kaunti imepewa kilimo, mifugo, udhibiti wa magonjwa ya wanyama, na pia usimamizi wa mbwa. Kwa hiyo gavana hawezi kukupa ruhusa ya kuua bweha, wala mimi siwezi, wala chifu. Tunaloweza ni kukusaidia kulinda mifugo yako na kuthibitisha hasara yako. Kumdhibiti mnyama msumbufu ni kazi ya KWS.

Je, Kenya ina mbwa mwitu wa hadithi?

Niseme kidogo kuhusu majina, kwa sababu majina yanatuchanganya. Katika vitabu vya watoto na katika Biblia tunasoma habari za mbwa mwitu anayevamia kondoo. Yule ni mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya, Asia na Marekani, na hapa kwetu hayupo. Tunayemwita mbwa mwitu hapa Kenya ni mnyama mwingine: mrefu wa miguu, mwenye masikio ya duara na mabaka meusi, manjano na meupe. Huyo ni adimu sana. Sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, iliyofanywa 2021, ilipata mbwa mwitu 865 tu katika nchi nzima. Simba walikuwa 2,589 na fisi 5,189. Kwa hiyo anayesema shambani kwake wamepita mbwa mwitu ishirini, mara nyingi ameona mbwa wa kawaida wasio na mwenyewe.

Halafu kuna bweha. Kenya tunao wenye mgongo mweusi, na wenye mstari mweupe ubavuni, na wa tatu ambaye rangi yake inaelekea dhahabu. Huyu wa tatu ana habari ya kupendeza. Kwa miaka mingi wataalamu walimhesabu kuwa sawa na bweha wa Asia na Ulaya mashariki. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba, ukiwemo wa wanyama kutoka Kenya, wakaonyesha kwamba huyu wa Afrika ni wa ukoo mwingine, ulioachana na yule wa Asia zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, na kwamba yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu. Sasa anaitwa mbwa mwitu wa Afrika. Kwa maneno mengine, kumbe tulikuwa na mbwa mwitu wetu wenyewe tukimwita bweha.

Ukimwita bweha au mbwa mwitu, sheria haibadiliki. Ila jina sahihi lina kazi yake unapojaza fomu ya fidia, na nitalifikia hilo hivi karibuni.

Wazee wetu walikuwa na mipaka

Wapo watakaosema kwamba uwindaji ni mila yetu. Ni kweli, na hatuna sababu ya kuuficha. Novemba 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani hadi Machi mwaka huo, alipita katika nyanda hizi za Uasin Gishu. Karibu na Sergoit aliwatazama vijana wa Kinandi wakimzingira simba dume kwa mikuki na ngao hadi wakamuua, na alisimulia habari hiyo kwa mshangao katika kitabu chake. Simba walikuwa hapo Sergoit, mahali ambapo leo tunalima mahindi na ngano.

Lakini mila hiyo hiyo ilikuwa na upande wa pili. Kila ukoo wa Wakalenjin una mnyama wake wa kuheshimiwa. Talai wanajulikana kwa simba. Tungo wanajulikana kwa fisi. Wengine wana tembo, nyani, korongo au nyuki. Mtu hakumuua ovyo mnyama wa ukoo wake. Na aliyemkabili simba alifanya hivyo mchana, akiwa na wenzake, akihatarisha maisha yake mwenyewe. Hakuna mila ya kabila lolote la kaunti hii inayofundisha kupaka dawa ya wadudu kwenye mzoga usiku na kwenda kulala.

Wale simba walikwisha. Hata twiga walikuwepo hapa Soy hadi miaka ya sabini, na shamba walimoishi lilipogawanywa, wawili wakapelekwa Lang'ata, Nairobi, mwaka 1974. Leo watoto wetu hulipa nauli na kiingilio kwenda kuona kizazi cha twiga waliotoka nyumbani kwao. Tuliobaki nao katika mashamba na kando ya msitu ni hawa wadogo: bweha, na mara moja moja fisi au chui anayepitia kutoka misituni na upande wa bonde la Kerio.

Anayeua ni nani hasa?

Kabla ya kumlaumu mnyama yeyote, soma alama. Usiguse mzoga wala usiruhusu watu wakanyage pale. Nitawapa dalili za kuangalia.

Chui hukamata kooni au shingoni na huua mnyama mmoja au wachache. Mara nyingi huuburuta mzoga hadi kichakani au huupandisha mtini. Nyayo zake ni za duara na hazionyeshi kucha.

Fisi ana taya zenye nguvu sana. Huvunja mifupa mikubwa na kuimeza, na mara nyingi hubakisha kidogo sana. Nyayo zake zinaonyesha kucha, na miguu ya mbele ni mikubwa kuliko ya nyuma.

Bweha ni mdogo. Mzito wao kwa kawaida haufiki kilo kumi na tano. Huchukua wana-kondoo na wana-mbuzi wachanga na kuku. Kondoo mkubwa mwenye afya si mawindo yake ya kawaida. Ukikuta bweha anakula kondoo jike mkubwa asubuhi, huenda alimkuta amekwisha kufa kwa ugonjwa au kwa uzazi mgumu.

Na sasa yule ambaye hatupendi kumtaja: mbwa wetu wenyewe. Mbwa wanaozurura usiku hukimbiza kundi zima. Huuma miguu, mapaja, masikio na mikia, hujeruhi wengi na kula kidogo. Ukikuta kondoo sita wameumwa kila upande na hakuna aliyeliwa, kwanza waulize majirani mbwa wao walilala wapi. Kesi ya mbwa haihusu KWS. Ni kati yako na mwenye mbwa, na hapo chifu na ofisi ya kaunti wanaweza kusaidia.

Hasara ikitokea, fanya hivi

Kwanza, linda mahali pale. Funika mzoga kwa turubai au matawi. Piga picha za mzoga, majeraha, nyayo na zizi lilivyokuwa.

Pili, toa habari siku hiyo hiyo kwa chifu au naibu wake, na kwa ofisi ya KWS iliyo karibu. Ukienda kituo cha polisi, hakikisha taarifa imeandikwa katika kitabu cha matukio na upewe nambari yake.

Tatu, mwite afisa wa mifugo wa wadi yako aje aone mzoga kabla haujaoza wala kuliwa na mbwa. Ripoti yake inaeleza mnyama wako alikuwa wa aina gani, umri gani, na ameuawa na nini.

Nne, jaza fomu ya dai. Dai hupelekwa kwa kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia ya wanyamapori, iliyoundwa na sheria ile ile ya 2013. Humo mna maafisa wa kilimo, mifugo, afya, polisi na KWS, pamoja na wawakilishi wa wananchi. Kamati huhakiki dai na kutoa pendekezo. Mifugo hukadiriwa kwa bei ya soko.

Tano, kama hukuridhika na uamuzi, una siku 30 tangu ujulishwe kukata rufaa katika Mahakama ya Rufaa ya Mazingira, inayojulikana kama National Environment Tribunal, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mtu akiuawa au kujeruhiwa na mnyama aliyetajwa katika jedwali la sheria, sheria ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine.

Sasa niwaambie mambo mawili bila kuzunguka, kwa sababu mkiyasikia kwingine mtasema tuliwaficha.

La kwanza, si kila mnyama analipiwa. Jedwali la Tatu la sheria linaorodhesha wanyama ambao hasara yao kwa mifugo hulipwa, na humo wamo simba, chui, fisi, duma na mbwa mwitu. Bweha hayumo. Hii maana yake ni kwamba sheria inamlinda bweha asiuawe, lakini haikulipi akila mwana-kondoo wako. Najua hilo linauma, na mkulima ana haki ya kulisema kwa mbunge wake na katika vikao vya maoni ya wananchi sheria inapofanyiwa marekebisho. Lakini kwa leo ndivyo ilivyo. Usiandike "fisi" kwenye fomu wakati ni bweha. Afisa akija na kukuta nyayo za bweha, dai lako lingine la kweli mwaka ujao litaanza na shaka.

La pili, malipo huchelewa. Familia nyingi nchini zimesubiri kwa miaka. Siwezi kusimama hapa niwaambie hundi inakuja wiki ijayo. Ninachoweza kusema ni kwamba dai lililoandikwa vizuri, lenye picha, nambari ya polisi na ripoti ya mifugo, lina mahali pake kwenye foleni. Lile ambalo halikuandikwa halina foleni ya kusubiri.

Na kuna sharti moja ambalo watu hulisahau. Sheria inasema mwenye mifugo ambaye hakuchukua hatua zinazofaa kuilinda anaweza kunyimwa fidia. Kondoo aliyelala nje barabarani na kondoo aliyelala ndani ya zizi imara si sawa mbele ya kamati. Zizi lako ni ushahidi wako.

Sumu haichagui

Nije kwenye ile dawa ya dukani. Desemba 2015, kule Maasai Mara, simba wa kundi la Marsh, waliojulikana duniani kote kupitia filamu za televisheni, walilishwa sumu kwenye mzoga baada ya ng'ombe kuuawa. Simba walikufa, na tai waliokula mzoga ule wakafa pia. Watu walikamatwa na kufikishwa mahakamani. Ng'ombe hakurudi.

Huku kwetu hatuna simba, lakini mambo huenda vile vile. Mzoga wenye sumu huliwa na mbwa wa jirani, mwewe, kunguru na tai. Mvua ikinyesha, dawa huenda kwenye mkondo ambako ng'ombe wanakunywa na akina mama wanachota maji. Mtoto anayechunga anaweza kuushika mzoga kwa mikono. Na zaidi ya sheria ya wanyamapori, kutumia dawa ya wadudu kinyume cha kazi iliyosajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura ya 346. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kisha fikirieni faida tunayoitupa. Bweha hula panya kwa wingi. Sisi ni kaunti ya mahindi na ngano. Mkulima anayelalamika kwamba panya wamemaliza mbegu shambani na gunia ghalani, mwezi mmoja baada ya kuua bweha wote wa kando ya mto, amejiletea gharama nyingine. Fisi na tai nao husafisha mizoga ambayo ingeoza na kueneza magonjwa kwa mifugo.

Zizi ndilo bunduki yako

Tukiwa tumekubaliana kwamba hatuui, na kwamba fidia ya bweha haipo, linalobaki ni kinga. Hili ndilo eneo letu kama idara ya mifugo, na halihitaji mamilioni.

Kondoo na mbuzi walale ndani kila usiku. Zizi la mbao au waya wa matundu madogo, uliozikwa ardhini kiasi cha futi moja, humzuia bweha anayechimba. Ukiwa karibu na msitu wa Kaptagat au ukingo wa bonde, weka paa au waya juu, maana chui hupanda. Mlango uwe mzito na usiache nafasi chini.

Majike wanaokaribia kuzaa watengwe karibu na nyumba, na wana-kondoo wasiachwe malishoni bila mchungaji kwa wiki za kwanza. Hapo ndipo bweha hupata nafasi.

Kondo la nyuma, kuku waliokufa na matumbo ya mnyama aliyechinjwa yazikwe kwa kina au yachomwe. Ukitupa mizoga nyuma ya boma, unamwalika bweha kwa chakula cha jioni, kisha unamshtaki kwa kuja.

Taa zinazowaka na kuzima kwa zamu husaidia pia. Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyeishi kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alitengeneza taa za aina hiyo akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja ili kuwazuia simba wasivamie ng'ombe wa babake. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kueleza uvumbuzi wake. Taa ndogo za sola sasa zinapatikana madukani. Zihamishe mara kwa mara, kwa kuwa mnyama huzoea.

Mbwa mzuri wa kulinda ni mali. Lakini afungwe au awe ndani ya boma usiku, na achanjwe.

Kichaa cha mbwa

Hapa nataka mnisikilize kwa makini zaidi kuliko penginepo pote. Kichaa cha mbwa kinapojionyesha kwa mtu, karibu kila mara huishia kifo. Wengi wanaokipata wanaumwa na mbwa wa nyumbani, lakini bweha pia huambukizwa. Bweha anayetembea mchana bila woga, anayeyumba, anayetokwa na mate au kumvamia mtu, si wa kuchezewa wala kuzungukwa na umati. Waondoe watoto, wafunge mbwa, utoe habari kwetu na kwa KWS.

Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Asisubiri kuona kama mnyama atakufa.

Na ugonjwa huenda pande zote mbili. Nchini Ethiopia kuna mbwa mwitu wa milimani ambao wamebaki takriban 500 tu duniani. Katika milima ya Bale wamekufa kwa wingi zaidi ya mara moja kwa sababu ya kichaa kilichotoka kwa mbwa wa wafugaji. Ukichanja mbwa wako unamlinda mtoto wako, ng'ombe wako, na hata yule bweha wa kando ya mto asije akawa hatari. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Leteni mbwa wote siku za chanjo, kila mwaka.

Si sisi peke yetu

Mtu anaweza kudhani ubishi huu ni wa wakulima wa Afrika tu. Marekani waliua mbwa mwitu wa kijivu kwa bunduki, mitego na sumu hadi wakatoweka katika Mbuga ya Yellowstone kufikia miaka ya ishirini ya karne iliyopita. Mwaka 1995 wakalazimika kuwaleta wengine kutoka Kanada, na wafugaji wa huko wanalalamika hadi leo. Ulaya nako, Desemba 2024 nchi zilizo katika mkataba wa Bern zilipiga kura kupunguza kiwango cha ulinzi wa mbwa mwitu, baada ya wafugaji kulalamikia kondoo wao. Hata huko waliko na fedha nyingi, ubishi haujaisha, na bado mfugaji anashauriwa aanze na ua na mbwa wa kulinda.

Kwa hiyo mkulima mwenye hasira nampa pole, na hasira yake ni ya haki. Mwana-kondoo ni karo ya shule. Lakini mkuki haurudishi karo, na sumu inaweza kuongeza faini na wakili juu ya hasara. Saa ile ya kwanza, funika mzoga, piga picha, mpigie chifu, KWS na afisa wa mifugo. Usiku unaofuata, funga zizi vizuri.

Mwenye swali kuhusu ujenzi wa zizi, chanjo ya mbwa au kujaza fomu ya dai, apite ofisi ya mifugo ya wadi yake au ya kaunti ndogo. Huduma ya kuhakiki hasara haina malipo, na hakuna anayeruhusiwa kukudai chochote ili kukuandikia ripoti.